Sindano ya Mgongo Haikwepi Tumbo

Jioni inapoingia Saza, wilayani Songwe, wanaotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, hupita sehemu mbili kabla ya kufika nyumbani: kwa mama ntilie na kwenye duka la dawa muhimu. Mara nyingi duka la dawa ndilo hutangulia, kwa kuwa mgongo unauma kuliko njaa. Mazungumzo ya hapo huwa mafupi.

"Dada, nipe ile ya mgongo."

"Umekula, kaka?"

"Nitakula."

"Basi chukua hivi vidonge, ila ule kwanza. Na kama tumbo linakusumbua, bora uchomwe sindano. Hiyo haipiti tumboni."

Ushauri huo umetolewa kwa nia njema, na nusu yake ya kwanza haina ubaya. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watu wengi wa mkoa huu wa Songwe, kuanzia wachimbaji wa Saza na Mbangala hadi madereva wa malori wanaolala kwenye foleni Tunduma, wanaamini kwamba dawa ya maumivu huliumiza tumbo kwa kulikwangua inapopita. Kwa hiyo ukiingiza dawa kwa sindano, umelikwepa tumbo. Haiko hivyo. Diklofenaki iliyochomwa kwenye kalio hufika kwenye mfuko wa chakula sawasawa na ile iliyomezwa, ila hufika kwa upande wa nyuma, ikiwa ndani ya damu. Na upande huo wa nyuma ndiko uliko ulinzi wenyewe wa tumbo.

Tuanze na fumbo la zamani. Mfuko wa chakula hutengeneza tindikali kali inayoweza kuua vijidudu vingi na kulainisha nyama ikawa uji. Mfuko wenyewe nao ni nyama. Kwa nini basi haujili? Sehemu ya jibu ni ute mzito unaoufunika utando wa ndani. Chini ya ute huo kuna bikaboneti, ambayo huipooza tindikali kabla haijagusa seli. Halafu seli zenyewe ni za muda mfupi: uso wa utando huo hubadilishwa wote ndani ya siku chache, na mkwaruzo mdogo huzibwa na seli za jirani ndani ya dakika au saa, bila wewe kujua. Lakini ute huo unatengenezwa kwa malighafi inayoletwa na damu. Bikaboneti inaletwa na damu. Seli mpya zinalishwa na damu. Ukipunguza damu, vyote vitatu hulegea kwa pamoja.

Damu hiyo hutoka kwenye mshipa mkuu unaoteremka kutoka moyoni. Chini kidogo tu ya kiwambo, mshipa huo hutoa tawi fupi na nene, na matawi yake huukumbatia mfuko wa chakula pande zote mbili, kisha hupenya ukutani. Chini ya utando wa ndani matawi hayo hufuma wavu wa vishipa, na kutoka kwenye wavu huo vishipa vyembamba sana hupanda katikati ya tezi hadi juu kabisa, kwenye uso unaokutana na chakula. Takribani robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ukuta wa mfuko huu huenda kwenye utando huo, ingawa utando wenyewe ni mwembamba. Misuli minene inayokoroga chakula huambulia kidogo.

Mpangilio wa vishipa hivyo una siri moja ambayo mimi naiona ni ya ajabu kuliko zote. Seli ya tezi ikimwaga tindikali upande wa chakula, papo hapo hutupa bikaboneti upande wa damu, na kwa kiasi kilekile. Damu inayopita kwenye tezi huibeba na kuipandisha juu, ikaigawe kwa seli za usoni zinazongoja kushambuliwa. Maana yake ni kwamba kadiri tindikali inavyozidi, ndivyo na kipoozeo chake kinavyozidi, mradi damu inatembea. Anayechimba ataelewa upesi: mtu aliye chini ya duara refu anaishi kwa hewa inayosukumwa na mashine kupitia bomba la plastiki, na mashine ikizimika, mwamba uleule wa jana unageuka kaburi ingawa wenyewe haujabadilika. Tindikali ya tumbo lako leo inaweza kuwa ileile ya mwaka jana. Cha kuuliza ni nini kimetokea kwa damu.

Sasa, nani anaamua damu iingie nyingi au kidogo? Si moyo peke yake. Vishipa vya tumbo vina misuli midogo kwenye kuta zake, nayo hulegea au kukaza kwa amri za aina mbalimbali. Amri ya kwanza hutoka kichwani: harufu ya maharage yanayoungwa inatosha kuuamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni, tindikali ikaanza kutoka na damu ikaongezeka kabla hujanawa mikono. Amri nyingine hutolewa papo hapo mahali penyewe. Kuta za vishipa hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayovilegeza. Seli za utando hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hufanya kazi tatu kwa mpigo: hutanua vishipa, huongeza ute na bikaboneti, na hupunguza tindikali. Halafu zipo nyuzi za fahamu za maumivu zilizotandazwa chini ya utando. Tindikali ikivuja na kuzigusa, hutoa kemikali yake ya kutanua vishipa, na ndani ya dakika chache damu nyingi humiminika mahali pale kuisafisha.

Upande wa pili zipo amri za kukaza. Ukiogopa, ukibeba mzigo mzito, ukipoteza damu au ukikaukiwa maji, mwili huamua kwamba tumbo lisubiri. Hapo kemikali za hofu, pamoja na homoni zinazotunza maji mwilini, hubana vishipa vya tumbo ili damu iende kwenye moyo, ubongo na misuli. Baada ya muda vishipa vya tumbo hujitahidi kulegea tena kidogo, kwa sababu hewa chafu na taka za seli zikijaa mahali nazo huvilegeza. Mwili hauliachi tumbo life kirahisi.

Mambo haya watu wameyaona kwa macho. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, Alexis St. Martin, kijana kibarua katika biashara ya ngozi za wanyama, alipigwa risasi kwa bahati mbaya kutoka karibu sana. Alipona, lakini jeraha liliacha tundu lililoingia moja kwa moja hadi ndani ya mfuko wa chakula. William Beaumont, daktari wa jeshi aliyemtibu, alichungulia kupitia tundu hilo kwa miaka, akachapisha kitabu mwaka 1833. Sipendi alivyomtumia: St. Martin alikuwa maskini, na maskini huyo aliwekewa mkataba wa kujaribiwa. Ila alichokiona kina faida kwetu. Utando wenye afya una rangi ya waridi iliyopauka. Chakula kikiingia, huiva ukawa mwekundu. Homa, hasira, au siku kadhaa za pombe kali huubadilisha ukatoa mabaka na vidonda vidogo. Na la kushangaza kuliko yote, mara nyingi St. Martin mwenyewe hakuhisi kitu chochote, huku daktari akiviona vidonda waziwazi.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, huko New York, madaktari Stewart Wolf na Harold Wolff walimchunguza mtu mwingine mwenye tundu kama hilo, waliyemwita Tom. Alipoogopa, utando wa tumbo lake ulipauka. Alipokuwa na kinyongo au hasira, ulijaa damu ukavimba. Kwa hiyo bibi anayesema "mwanangu, usile ukiwa umekasirika" habahatishi. Hata hivyo naonya: kwa mtu mwenye afya, mawazo peke yake mara chache huleta kidonda. Hofu hubana damu kwa dakika na saa. Yapo mambo mengine yanayoibana kwa wiki na miezi, na ndiyo ya kuhangaika nayo.

Kubwa kati yake kwa watu wa Saza na Tunduma ni dawa za maumivu. Mwaka 1971 mtafiti wa Uingereza, John Vane, alionyesha kwamba asprini hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, zile zile zinazotanua vishipa vya tumbo. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Ndugu wa asprini hufanya hivyohivyo: diklofenaki, aibuprofeni ambayo wengi huiita brufeni, indomethasini, piroksikamu, meloksikamu. Prostaglandini ndizo zinazofanya goti livimbe na mgongo uwake moto, kwa hiyo ukizizuia, maumivu hupungua. Tatizo ni kwamba dawa haijui goti liko wapi na tumbo liko wapi. Inazizuia kila mahali inapofikishwa na damu. Tumboni vishipa hukosa anayevilegeza, ute hupungua, bikaboneti hupungua, na tindikali hubaki palepale.

Ndiyo maana sindano haisaidii kukwepa. Wala kidonge cha kuingizwa njia ya haja kubwa hakisaidii, wala kile kilichopakwa ganda gumu kisiyeyuke hadi kifike kwenye utumbo. Chakula nacho, ambacho tumeambiwa ndicho kinga, hupunguza kichefuchefu na kiungulia cha papo hapo, lakini hakirudishi prostaglandini zilizozimwa. Kula, ndiyo. Usijidanganye tu kwamba ugali umeshakulinda.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi: kuchanganya. Mtu anameza diklofenaki asubuhi, akirudi jioni anachomwa sindano ya diklofenaki, na usiku anapewa vidonge vya kichwa vyenye jina la biashara, ndani yake mna asprini na kafeini. Kwake ni dawa tatu tofauti. Kwa tumbo lake ni pigo moja mara tatu. Kipimo cha diklofenaki kwa mtu mzima hakitakiwi kuzidi miligramu 150 kwa siku, ukijumlisha kila njia iliyopita. Sindano moja ya kawaida peke yake ina 75, na haitakiwi kuendelea zaidi ya siku 2. Pia wapo wanaochanganyiwa sindano hiyo na deksamethasoni, au wanaopewa vidonge vya predinisoloni "ili mgongo uachie kabisa". Mgongo unaachia kweli. Lakini dawa za aina hizo mbili zikikutana, hatari ya kidonda na ya kuvuja damu huongezeka kupita ile ya kila moja peke yake. Ukiona mtu anakuvutia dawa mbili kwenye bomba moja, una haki ya kumuuliza ni zipi. Akisita kujibu, vaa shati lako uondoke.

Basi mgongo ukiuma utumie nini? Kwa maumivu mengi ya kazi, anza na parasetamoli, ambayo haibani damu ya tumbo kwa namna ile. Mtu mzima hunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Usije ukadhani kwa kuwa ni ya kawaida basi haina meno: ukizidisha huua ini, na anayekunywa pombe nyingi kila siku anatakiwa kutumia kidogo kuliko hapo na kwa ushauri wa mtaalamu. Kitambaa cha maji ya moto, kulala chali magoti yakiwa juu ya mto, na kutopeleka mgongo uleule duarani kesho yake, hivyo vyote ni tiba ingawa haviuzwi dukani. Najua la kutokwenda kesho ni gumu. Duara lina mwenyewe, na mgao hauwafikii waliolala.

Kama ni lazima utumie diklofenaki au ndugu zake, tumia dozi ndogo iwezekanavyo kwa siku chache iwezekanavyo, na aina moja tu. Wapo ambao hawatakiwi kuzitumia bila daktari kujua: waliovuka miaka 60, waliowahi kuugua vidonda vya tumbo au kutapika damu, wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, wenye ugonjwa wa figo, na wajawazito, hasa mimba ikishapita nusu. Kwa mgonjwa ambaye hana budi kuendelea nazo, daktari huongeza omeprazoli, ambayo hufanya kazi vizuri ikimezwa kama nusu saa kabla ya kula. Ipo pia misoprostoli, ambayo ni prostaglandini ya kutengenezwa inayorudisha kile kilichozuiwa. Ilibuniwa kwa ajili ya tumbo, ingawa siku hizi hospitali zetu zinaijua zaidi kwa kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Mjamzito asiimeze kwa ajili ya tumbo hata kidogo, kwa kuwa hukaza mji wa mimba.

Neno moja kwa wazee waliopewa asprini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo au baada ya kiharusi: msiiache kwa sababu ya makala hii. Nendeni mkaulize kama mnahitaji kinga ya tumbo pamoja nayo. Asprini hubadilisha chembe za kugandisha damu kwa maisha yake yote, siku 7 hadi 10, na hilo ndilo linalousaidia moyo. Ndilo pia linalofanya kidonda kidogo cha tumbo kivuje kwa muda mrefu. Kupima faida na hasara hapo ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Sasa tugeukie kazi yenyewe. Dhahabu ya Lupa, eneo ambamo Saza imo, imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920. Mgodi wa Saza wa enzi za Mwingereza ulikuja ukafungwa, na tangu mwaka 2012 jirani kuna mgodi mkubwa wa New Luika wenye mitambo ya kisasa. Lakini mchimbaji mdogo bado anagonga mwamba kwa moko na nyundo, anavuta viroba vya mawe kwa winchi, na mwanamke anaponda mawe juani au kuosha kwenye karai. Mtu akiwa amepumzika, kama robo ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye tumbo, utumbo, ini na bandama. Akifanya kazi nzito kiasi hicho kinaweza kushuka kwa nusu au zaidi, na joto la bonde la Rukwa pamoja na kukosa maji huzidisha mbano huo. Mwenye afya huvumilia. Akipumzika, damu hurudi na utando hujirekebisha. Lakini mtu aliyekaukiwa maji, mwenye njaa, na aliyetanguliza diklofenaki asubuhi ili "aamke vizuri", amelinyima tumbo damu kwa njia mbili kwa wakati mmoja: mwili umebana vishipa, na dawa imewaondoa wanaovilegeza.

Figo nazo huingia hatarini kwa sababu hiyohiyo. Mwili ukikosa maji, ni prostaglandini zinazoweka wazi vishipa vya figo. Ukizizima wakati huo, figo zinaweza kusimama. Kwa hiyo usimeze dawa za jamii hiyo kabla ya kushuka duarani, wala ukiwa unaharisha au kutapika, wala ukiwa na mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima; usingoje lita nzima jioni. Vinywaji vya kuongeza nguvu havihesabiwi kuwa maji. Na ule kabla ya kushuka, hata kama ni uji na kiazi: chakula huita damu tumboni, tena kwa saa kadhaa.

Dereva aliyekwama Tunduma ana shida ya aina nyingine. Yeye hachoki misuli, anachoka kukaa, na kiuno chake kinamuuma kwa sababu ya kiti. Sigara huwa rafiki yake wa foleni. Nikotini hubana vishipa vya utando na kupunguza prostaglandini, na vidonda vya mvuta sigara huchelewa kupona. Hapo sina maneno mengi: kila sigara anayoiacha ni faida. Kahawa yenyewe si adui mkubwa kama inavyosemwa, isipokuwa inapochukua nafasi ya chakula.

Pombe kali nayo ina namna yake ya kuumiza. Ikigusa utando ikiwa haijachanganywa na kitu, hubana vena ndogo zinazotoa damu, damu ikasimama ndani ya utando, vishipa vikapasuka, na seli zikafa kwa mabaka. Gongo kwenye tumbo tupu ndiyo mbaya kuliko zote kwa hilo. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na pakiti zile hazionekani tena kaunta, ila tabia ya kunywa kali haraka haraka bila kula haikupigwa marufuku pamoja nazo. Kumeza dawa ya maumivu kwa pombe, au kuimeza asubuhi kuondoa kichwa cha jana, ni kulipiga tumbo lililokwisha kupigwa.

Na pilipili? Hapa nitawafurahisha wengi. Kapsaisini, ile kemikali inayowasha kwenye pilipili, huziamsha nyuzi za fahamu nilizozitaja, zile zinazotanua vishipa tindikali ikivuja. Kwa panya ambao nyuzi hizo zimeharibiwa, pombe na tindikali huleta vidonda vikubwa zaidi. Utafiti wa Singapore uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watu wenye afya waliokula pilipili kabla ya asprini walipata majeraha machache kuliko waliomeza asprini bila pilipili. Hiyo haimaanishi pilipili ni dawa ya vidonda. Mwenye kidonda kilicho wazi ataungua, na akae nayo mbali hadi apone. Lakini kumlaumu mpishi kwa kachumbari ya pilipili wakati mfukoni una pakiti ya diklofenaki, hapo hukutenda haki. Maharage nayo hayaleti vidonda. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha huongeza tindikali, kwa hiyo ni chakula kizuri tu, si tiba.

Kuna chanzo kingine kikubwa cha vidonda ambacho hakitokani na damu kubanwa. Ni bakteria anayeitwa Helikobakta pailori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao wakapata Nobel mwaka 2005. Wengi wetu humpata utotoni ndani ya familia, na wengi huishi naye bila shida. Yeye akiwepo na dawa za maumivu zikiwepo, kila mmoja humsaidia mwenzake kuharibu. Ushauri wangu ni huu: ukipimwa, uliza kipimo ni cha nini. Kile cha damu ya kidole huonyesha kwamba kinga ya mwili iliwahi kukutana na bakteria huyo, hata kama ulishatibiwa miaka iliyopita. Cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ni bora zaidi, na kabla yake unatakiwa uwe umeacha omeprazoli kwa wiki 2 na antibayotiki kwa wiki 4. Ukipewa dozi, ni mchanganyiko wa dawa kwa siku 14, na ukiiacha siku ya 5 kwa sababu maumivu yameisha, unambakiza bakteria aliyejifunza kuvumilia dawa.

Maumivu si kipimo cha kutegemea, kama St. Martin alivyotufundisha. Mtumiaji wa dawa za maumivu anaweza kuwa na kidonda kirefu asijue, maana dawa inayokichimba ndiyo inayokinyamazisha. Angalia choo. Choo cheusi tii, kinachonata kama lami na kunuka kuliko kawaida, ni damu iliyopikwa na tindikali. Vidonge vya kuongeza damu hukifanya choo kuwa cheusi pia, kwa hiyo mjamzito anayevitumia asitishike bure, ila asikae na shaka, aulize. Kutapika damu, au kutapika vitu kama kahawa iliyosagwa, kizunguzungu unaposimama, jasho baridi, moyo kwenda mbio, au maumivu ya ghafla yanayofanya tumbo lote kuwa gumu kama ubao: hayo hayasubiri asubuhi. Na si kila anayetapika damu ana vidonda. Wengine ini lao limeharibiwa na pombe, na Kanda ya Ziwa wapo wengi ambao kichocho kimewajazia mishipa ya koo la chakula hadi ikapasuka. Tiba zake ni tofauti kabisa, kwa hiyo kumpa mgonjwa omeprazoli nyumbani na kungoja ni kupoteza muda wake.

Ukiwa Saza, anza na kituo kilicho karibu ili mgonjwa awekewe dripu, na usafiri wa kwenda hospitalini Mkwajuni au mbele zaidi upangwe wakati huohuo, usingoje dripu iishe. Endoskopi, kile kipimo cha kuingizwa kamera kupitia mdomoni, na damu ya kutosha ya kuongezewa, hupatikana kwenye hospitali kubwa kama ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Njiani mgonjwa asile wala asinywe chochote, iwe pombe au maziwa. Alale chini, asipandishwe bodaboda akiwa ameketi kama yuko mbioni kuzimia. Ndugu wawili wanaoweza kuchangia damu waende naye. Na yeyote anayeongozana naye akusanye pakiti zote za dawa alizotumia wiki mbili zilizopita, hata zilizo tupu, hata za mitishamba, na kama alichomwa sindano aende kwa aliyemchoma amwandikie jina la dawa kwenye karatasi. Daktari atauliza kitu hicho kabla ya kuuliza tumbo linauma wapi.